Namna ya Kujipatia Nguvu Bila ya Kujiumiza

Watu wengi hudhani ya kuwa mazoezi ya nguvu ni kazi ya mabondia na askari tu. Sivyo. Kila mtu ana haja ya nguvu: mama achotaye maji, mzee ainukaye kitini, na mwanafunzi abebaye sanduku lake siku ya kufungua shule. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba watu wazima wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi kwa juma, na vijana wa miaka 5 hadi 17 siku 3 kwa uchache.

Kwanza yafaa tujue nguvu hutoka wapi. Msuli ukipewa kazi nzito kidogo kuliko ile uliyoizoea, mwili huutengeneza upya uwe imara zaidi. Matengenezo hayo hayafanyiki wakati wa kunyanyua, bali wakati wa kupumzika, kula na kulala. Kwa hiyo msuli uliofanya kazi Jumatatu uachwe upumzike Jumanne. Tena, katika majuma ya mwanzo mtu huongezeka nguvu na huku mkono wake haujanenepa, kwa sababu mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza kuiamrisha misuli. Ajipimaye kwa kioo hukata tamaa upesi.

Wayunani wa kale walisimulia ya kuwa Milo wa Croton, bingwa wa mieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo, alimbeba ndama kila siku mpaka akawa ng'ombe mzima. Huenda hadithi hiyo ilitiwa chumvi, lakini fundisho lake ni la kweli: mzigo uongezwe kidogo kidogo. Zamani za Vita Kuu ya Pili daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwatibu askari walioumia kwa kuwanyanyulisha vyuma, akiongeza uzito kwa kadiri walivyopata nguvu. Mwaka 1948 yeye na mwenziwe Watkins walieleza mpango wa mizunguko 3, kila mzunguko kunyanyua mara 10. Hata leo watu wengi hufuata mpango wa namna hiyo.

Sisi hatuna haja ya mashine. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, basi ndoo ndiyo mizani yetu. Mazoezi manne yatosha: kuchuchumaa na kusimama, kupiga pushapu, na asiyeweza aanze kwa kusukuma ukuta, kuinama mgongo umenyooka na kuvuta ndoo hadi ubavuni, na kutembea umebeba ndoo mbili. Anza na lita 5. Ukiweza kuvuta ndoo mara 12 bila ya kuyumba, ongeza lita 1. Koma ungali na nguvu za kurudia mara mbili hivi.

Sasa usalama. Pasha mwili moto kwanza kwa kutembea upesi dakika 5. Usizuie pumzi: toa pumzi unaponyanyua, vuta unaposhusha, maana kuzuia pumzi hupandisha sana shinikizo la damu. Misuli kuuma kidogo kesho yake si kitu, lakini maumivu makali ya kiungo ni amri ya kuacha. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, na mama mjamzito, wamwulize daktari kwanza.

Bwenini kwetu wako vijana waliojaza saruji makopo mawili na kuyaunga kwa bomba, wakawa wakishindana kila Jumamosi. Muhula uliopita mmoja wao aliteguka bega, asiweze kuandika kwa muda wa juma zima. Tangu hapo wako wasemao kwamba mazoezi haya yakatazwe kabisa, tena kwamba humfupisha kijana. Mimi siafiki. Haikuthibitika kwamba mazoezi yenye usimamizi mwema na mzigo wa kiasi huzuia kijana kukua. Lililomwumiza mwenzetu ni kushindana, wala si kunyanyua. Naomba tupewe saa moja mara tatu kwa juma, na mwalimu wa kutusimamia, wavulana na wasichana pia.

Nanyi wazazi, msiseme wakati wenu umepita. Mwaka 1990 madaktari wa Boston walieleza habari za wazee 10 wa miaka 86 hadi 96, waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Tisa kati yao walimaliza majuma 8 ya kunyanyua uzito kwa miguu, na nguvu za miguu yao zikazidi maradufu. Bibi yangu alipata kuanguka, akawa anaogopa hata kuinuka peke yake. Likizo iliyopita tulianza naye kwa kiti kirefu kilichoegemezwa ukutani: kukaa na kusimama mara 5, asubuhi moja baada ya nyingine, nami nimesimama karibu. Nilipoondoka kurudi shuleni alikuwa amefika mara 9.

Basi wasomaji, asiyekuwa na ndoo aanze na kiti, na mwenye nguvu asimcheke mnyonge. Haba na haba, hujaza kibaba.