Ukimtafuta bibi, anza na ngoma yake

Wazo, Dar es Salaam, ni mtaa wa wahamiaji. Wengi walionunua viwanja huku, kuvuka Tegeta hadi karibu na kiwanda cha saruji, wazee wao wamezikwa Rufiji, Kisarawe au mbali zaidi. Mjukuu akiuliza habari za bibi mzaa bibi, hupewa jina moja na kuambiwa, "Alikuwa mcheza ngoma." Basi, maongezi yameishia hapo.

Yasingepaswa kuishia hapo, ingawa maandishi ya enzi za ukoloni hayasaidii sana. Karani wa Mwingereza alimfuata mlipa kodi, na kodi ya kichwa ilitozwa mwanamume mzima. Kwenye faili zilizobaki Nyaraka za Taifa, Upanga, mwanamke anajitokeza zaidi akiwa na kesi au nyumba. Ahueni kwa familia za Kiislamu za pwani ni kwamba hata akiolewa mara tatu, bibi hubaki binti wa baba yake. Jina halipotei kwa kubadili mume.

Mtazameni Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia yenye asili ya Rufiji. Baba yake hakutaka asome. Mama ndiye aliyempeleka shule baada ya mzee kufariki. Akiwa na miaka kama 14 akaozwa. Mpaka hapo ni maisha ya wasichana wengi wa mjini, ambayo hakuna ofisi iliyoyaandika. Kilichomjulisha kwa watu ni kuimba katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipouliza wanawake wa TANU wako wapi, akatafutwa Titi, mwenye kadi namba 16. Yeye akawaendea viongozi wa ngoma wenzake, na ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakajiunga. Hawakuokotwa njiani: katika vikundi vyao vya ngoma walikwishakuwa na viongozi na michango yao.

Mtafiti Susan Geiger alianza kumhoji Titi mwaka 1984, ndiyo maana tunajua hata habari za baba yake. Wengi wa wenzake hawakuulizwa.

Kwa hiyo muulizeni shangazi aliyebaki: bibi alicheza ngoma gani, kiongozi wake nani, na kama aliishi mjini, walikutana nyumba ipi Kariakoo. Wanawake wa mjini walimiliki nyumba. Nyumba ina kiwanja, kiwanja kina namba, na kwa namba hiyo ofisa wa ardhi ana pa kuanzia.