Utabiri wa Mpanda, Baridi ya Nkungwe

Taarifa ya hali ya hewa inaposomwa redioni, mkazi wa Mpanda husikia maneno machache: vipindi vya jua, mawingu kiasi, mvua na ngurumo katika maeneo machache. Maneno hayo humtosha mtu aendaye sokoni. Hayamtoshi mtu anayekusudia kupanda Nkungwe, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Mahale, kilichoko zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa Mpanda, kando ya Ziwa Tanganyika. Mpandaji asiyejua kuufasiri utabiri aweza kujikuta jioni ameloa, anatetemeka na hana nguo ya kubadili, ingawa taarifa aliyoisikia asubuhi ilikuwa sahihi kabisa.

Kimo na joto

Jambo la kwanza ni kimo. Mji wa Mpanda uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Nkungwe kina mita 2,462. Kwa wastani, joto la hewa hupungua nyuzi 6.5 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Tofauti ya mita 1,360 hivi ni sawa na nyuzi 9. Kwa hiyo utabiri ukitaja nyuzi 30 mchana na 16 usiku kwa Mpanda, mpandaji akadirie nyuzi 21 na nyuzi 7 kileleni. Hayo ni makadirio tu, maana upungufu wa joto haulingani siku zote. Tena upepo na nguo zilizolowa huunyang'anya mwili joto kwa haraka, hata mtu aweza kuhatarika mahali ambapo kipimajoto kinaonyesha nyuzi 10.

Wingu litaanzia wapi?

Jambo la pili ni unyevu. Upepo utokao ziwani ukigonga mlima hulazimika kupanda. Hewa inayopanda hutanuka, na kwa kutanuka hupoa kwa nyuzi 10 hivi kila mita 1,000, maadamu mvuke wake haujaanza kugeuka matone. Kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kugeuka matone, nacho hushuka, lakini kwa nyuzi 2 tu kila mita 1,000. Basi pengo baina ya viwango hivyo viwili hupungua kwa nyuzi 8 kila mita 1,000. Ndiyo kusema kila nyuzi moja ya pengo huhitaji mita 125 za kupanda.

Ichukuliwe kwamba ufukoni joto ni nyuzi 28 na kiwango cha umande ni nyuzi 20. Pengo ni 8, na 8 mara 125 ni mita 1,000. Ufuko wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya bahari. Kwa hiyo wingu litaanzia karibu mita 1,770. Mita 700 hivi za juu za Nkungwe zitakuwa ndani ya wingu, ambamo njia haionekani vizuri na majani yote yamelowa. Kwa mtu aliye ufukoni hilo ni wingu zuri lililokaa mlimani. Kwa mtu aliye juu ni ukungu mzito.

Maeneo machache

Jambo la tatu ni saa. Mchana jua hupasha moto miteremko, na hewa hupanda kuelekea vileleni; usiku miteremko hupoa, na hewa baridi hushuka mabondeni hadi ziwani. Ndiyo sababu ngurumo za milimani hupendelea alasiri. Utabiri unaposema "maeneo machache", msikilizaji ajiulize ni yapi yanayoelekea zaidi kuwa hayo machache. Mara nyingi mlima ni mojawapo. Mpandaji mwenye busara huanza alfajiri na kugeuka kabla ya alasiri. Akiona radi, na ahesabu sekunde hadi asikie ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10, na ni wakati wa kuacha kilele na miti iliyosimama peke yake.

Nini maana ya asilimia 60?

Wengi hudhani kwamba utabiri wa mvua kwa asilimia 60 umekosea iwapo mvua haikunyesha. Sivyo. Maana yake ni kwamba katika siku 10 zenye utabiri kama huo, mvua hutarajiwa kunyesha katika siku 6 hivi. Siku moja haiwezi kuuthibitisha wala kuukanusha. Uamuzi hutegemea hasara: mwenye kuanika nguo aweza kujaribu bahati, bali mwenye kuongoza wanafunzi 20 mlimani hana ruhusa hiyo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa pia tahadhari za rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Katavi ni miongoni mwa mikoa inayopata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi ya kiangazi ndiyo ifaayo kupanda, ingawa usiku wake milimani ni wa baridi.

Kazi ya darasani

Shule yoyote yaweza kuupima utabiri kwa kipimamvua, kipimajoto na daftari. Kila siku wanafunzi waandike kilichotabiriwa na kilichotokea, kisha baada ya miezi mitatu wahesabu siku ambazo mvua ilitabiriwa ikanyesha, ilitabiriwa isinyeshe, na ilinyesha bila kutabiriwa. Hesabu hiyo ya tatu, hata ikiwa ndogo, ndiyo ya kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndiyo inayomkuta mpandaji bila koti.