Siri Isiyopaswa Kuingia Kambini

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei, na haupiti muda mrefu kabla Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) halijatangaza orodha ya wahitimu walioitwa kwenye mafunzo kwa mujibu wa sheria. Mjini Mpanda orodha hiyo husomwa na ukoo mzima. Mmoja amepangiwa Msange mkoani Tabora, ambako angalau reli ya Mpanda kupitia Kaliua humsogeza karibu. Mwingine amepangiwa Bulombora mkoani Kigoma, mwingine Mafinga mkoani Iringa, na mwingine Nachingwea, Lindi, upande wa pili wa nchi. Kijana hushughulika na bukta na raba. Mzazi, ambaye huenda hajawahi kulala mbali na mwanawe kwa zaidi ya muhula wa shule, hukaa akijiuliza: akipata homa usiku, nani atajua?

Hofu hiyo ina chimbuko lake katika historia. JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na kwa miaka mingi wahitimu walipita humo kwa lazima. Mafunzo hayo yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Kwa hiyo wapo wazazi wengi wa leo waliomaliza shule katika kipindi hicho cha karibu miongo miwili bila kuvaa gwanda. Babu anazo kumbukumbu za kwata na mchakamchaka, na mjukuu anakwenda kuzitafuta zake. Mzazi aliye katikati yao ana masimulizi ya kusikia tu, naye ndiye anayetakiwa kumwandaa kuruta.

Kwa jicho la tiba, mashaka ya mzazi yagawanywe katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni shida zitakazomkuta kijana huko kambini: kuamka alfajiri, kukimbia, jua, baridi na upweke. Fungu la pili ni yale anayoyabeba kutoka nyumbani bila mtu yeyote wa kambini kuyafahamu. Wazazi wengi hukosa usingizi kwa ajili ya fungu la kwanza, ilhali hatari kubwa zaidi imo katika la pili.

Mwili hujifunza

Mwili wa kijana mwenye afya una uwezo mkubwa wa kuzoea kazi ngumu, mradi upewe muda. Kuzoea mazoezi katika joto huchukua wiki moja hadi mbili. Katika siku hizo mwili hujifunza kutoa jasho mapema, hupunguza chumvi inayopotea katika jasho hilo, na mapigo ya moyo hutulia. Ndiyo maana siku za mwanzo ndizo zenye hatari zaidi, hasa kwa kijana aliyekuwa amekaa kwenye dawati kwa miezi kadhaa akijisomea.

Mzazi anaweza kusaidia kabla ya safari. Kijana aanze kutembea kwa kasi na kukimbia asubuhi, akiongeza umbali kidogo kidogo. Raba zivaliwe nyumbani hadi zilainike, kwani malengelenge ya mguuni huweza kuambukizwa vijidudu yakawa kidonda. Aliyepangiwa Mafinga abebe nguo za baridi: mwezi Juni katika nyanda zile haufanani kabisa na Juni ya Mpanda.

Kijana afundishwe pia dalili mbili ambazo hazipaswi kuchukuliwa kuwa uvivu. Ya kwanza ni mwenzake kuanza kuyumba, kuongea ovyo au kuchanganyikiwa wakati wa mazoezi juani. Hiyo yaweza kuwa kiharusi cha joto, hali ambayo joto la ndani ya mwili hupanda hadi kufikia au kupita nyuzi 40 za Selsiasi. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji mengi na kupepewa mara moja, huku msaada wa daktari ukiitwa. Dalili ya pili ni maumivu makali ya misuli yakiambatana na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Maana yake misuli inavunjika na figo zimo hatarini. Hapo mazoezi husimama, na mgonjwa hupelekwa kwenye matibabu siku hiyo hiyo.

Homa iliyosafiri na mgonjwa

Katavi ni eneo lenye malaria. Vimelea vya aina iliyoenea zaidi nchini huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 30 tangu mbu aume hadi homa ijitokeze. Kuruta aliyeumwa na mbu nyumbani Mpanda anaweza kuugua akiwa tayari Mafinga, mahali ambapo kwa sababu ya baridi wengi wangefikiria mafua kwanza. Kila homa ya wiki za mwanzo ipimwe malaria, na kijana aeleze wazi alikotoka. Sentensi moja fupi, “Nimetoka Katavi wiki mbili zilizopita,” yaweza kumwokoa.

Uzito wa kuficha

Lipo jambo ambalo familia nyingi hulifanya kwa nia njema: kumwagiza kijana asiseme kwamba ana pumu, kifafa, seli mundu, au kwamba anatumia dawa za kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI. Wanaogopa atarudishwa. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa nafasi katika vyombo vya ulinzi na usalama mara nyingi huwapa kipaumbele waliopitia JKT, na kijana aliyerudi kabla ya wenzake huulizwa maswali mtaani.

Lakini ugonjwa hautii amri ya kunyamaza. Kifafa huchochewa na kukosa usingizi, na kambini kuna lindo la usiku. Pumu huamshwa na vumbi, baridi na kukimbia. Kijana anayemeza dawa kwa kujificha mwishowe huacha kuzimeza. Mkufunzi asiyejua atamhimiza aongeze mwendo pale ambapo angejua angemwambia apumzike.

Kuhusu seli mundu, inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo nchini kila mwaka. Wapo pia wengi zaidi waliorithi kinasaba kimoja tu, wasio wagonjwa na pengine wasiojijua. Mwenye ugonjwa wenyewe anahitaji maelezo ya daktari wake kwa maandishi kuhusu kazi asizopaswa kufanya. Kwa mwenye kinasaba kimoja, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu askari weusi karibu 48,000 wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani una mafunzo. Askari hao hawakufa zaidi ya wenzao, katika jeshi lililokuwa na kanuni za maji, mapumziko na tahadhari ya joto kwa wote. Hata hivyo, kuvunjika kwa misuli kwa sababu ya mazoezi kuliwapata zaidi. Hali yao haikuwazuia kuwa askari, ila iliwadai tahadhari, na tahadhari huanza kwa kujua. Kipimo kifanyike kabla ya safari.

Kijana anayeishi na VVU apitie kliniki yake ya tiba na matunzo mapema. Mgonjwa aliye imara huweza kupewa dawa za miezi mitatu au zaidi kwa mara moja, pamoja na barua ya utambulisho. Sheria ya mwaka 2008 inamlazimu mhudumu wa afya kutunza siri yake. Kumweleza daktari wa kikosi si kuitangazia kombania.

Ulemavu nao usifichwe. Matangazo ya JKT yamekuwa yakiwaelekeza wahitimu wenye ulemavu unaoonekana kuripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, yenye miundombinu inayowafaa.

Moyo nao huugua

Kulia usiku na kukosa hamu ya kula ni kawaida katika siku za mwanzo, na kwa wengi hupungua kadiri urafiki unavyojengeka. Yasipopungua baada ya wiki kadhaa, au kijana akianza kusema kwamba maisha hayana maana, hiyo si deko. Ahitaji mtu wa kumsikiliza, na apelekwe kwa daktari. Kabla ya kuondoka aambiwe na wazazi wake kwa maneno yasiyo na utata kwamba kuomba msaada si kuiaibisha familia. Binti aambiwe vivyo hivyo kuhusu maumivu ya hedhi, na kuhusu mtu yeyote, awe na cheo gani, atakayemgusa au kumtaka isivyostahili.

Kwa hiyo, pamoja na shuka, vyeti na nauli, begi la kuruta liwe na karatasi moja iliyoandikwa na daktari: magonjwa aliyonayo, dawa na vipimo vyake, vitu vinavyomdhuru, na namba ya simu ya mzazi. Aikabidhi zahanati ya kikosi siku ya kuripoti. Mzazi hawezi kwenda kambini, lakini anayoyajua kuhusu mwanawe yanaweza kufika, mradi yasemwe.