Kuchaji piki au gari la stima nyumbani Nakuru: uliza waya kabla ya kutuma dipoziti

Piki za stima zinazidi kuonekana barabarani, na Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani nazo zinaingia moja moja. Wengi wanaonunua kwa mkopo hutuma dipoziti kwanza, kisha usiku ule ule ndipo wanajiuliza: sasa hii nitaichajia wapi? Sisi tungependa swali hilo litangulie pesa. Dipoziti ikishaenda, utalazimika kuchaji hata kama nyumba haiko tayari, na hapo ndipo ekstensheni za kubahatisha zinapoanza.

Tuseme tangu mwanzo kwamba piki na gari si hatari ya aina moja. Betri ya piki kama Roam Air hubeba uniti 3 na kitu, na chaja yake huvuta stima kidogo kuliko pasi. Soketi nzuri ya kawaida inaiweza. Hatari kubwa ya piki iko kwenye betri yenyewe na pale unapoilaza. Gari ni kinyume. Betri imefungwa chini ya gari, imekingwa vizuri, lakini waya wa nyumba yako ndio unaobeba mzigo mzito kwa saa nyingi bila kupumzika.

Kama ni gari, anza ukutani

Watu hutuambia, "Soketi yangu inabeba birika, itashindwa na gari?" Birika huvuta stima nyingi, ndiyo, lakini kwa dakika 4 au 5. Pasi nayo hujizima na kujiwasha. Gari likichomekwa kwenye soketi ya kawaida huvuta karibu ampea 10 mfululizo, saa baada ya saa, na Leaf ya zamani yenye betri ya uniti 24 ikiwa tupu itachukua zaidi ya saa 10 kujaa. Plagi zetu za miguu mitatu zina kikomo cha ampea 13, na soketi ambayo skrubu zake zimelegea huanza kupata joto hapo ndani usipoona. Dalili ya kwanza ni harufu ya plastiki, au rangi ya kahawia kuzunguka tundu. Ukiiona, soketi hiyo imekwisha. Usiikaze ukaendelea.

Kuna nyumba, hasa za kupangisha zilizojengwa haraka, ambapo fundi alipitisha waya wa taa, ule wa 1.5, hadi kwenye soketi ili kuokoa pesa. Huwezi kujua kwa kutazama ukuta. Ndiyo maana tunasema gari liwe na laini yake peke yake: waya utoke kwenye kisanduku cha breka moja kwa moja hadi maegesho, usigawane na friji wala taa, na uwe na breka yake. Kwa soketi moja ya kuchajia, fundi ataanzia waya wa 2.5. Ukitaka chaja ya ukutani ya ampea 32, inayoweza kujaza haraka zaidi, ni waya wa 6 au mnene zaidi kutegemea umbali, na kwanza apige hesabu ya nyumba nzima. Shawa ya maji moto ya papo hapo peke yake huvuta ampea 20 na zaidi. Iwashe huku gari linachaji, na jirani naye anapika kwa koili kwenye laini hiyo hiyo, kisha ushangae kwa nini stima imekata.

Ekstensheni ya kupitisha dirishani, hapana. Ile ya kuzungusha ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu waya uliobaki umekunjwa hauna pa kutoa joto.

Neno kuhusu kebo za Leaf kutoka Japani. Nyingi huja na kichwa cha Kijapani na zimetengenezwa kwa volti 200, wakati stima yetu ni volti 240. Utaambiwa, "Boss, tunakata hii kichwa tunaweka ya hapa, dakika tano." Hiyo kebo inaweza kuvuta ampea nyingi kuliko 13 ambazo plagi yetu imetengenezewa. Nunua kebo ya kuchajia iliyotengenezwa kwa volti 240 na plagi ya hapa. Ni ghali, lakini iweke kwenye hesabu ya bei ya gari kabla hujatuma shilingi.

Udongo wa Nakuru na waya wa ardhi

Hili ndilo watu wengi hawaulizi. Waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano, ndio unaopeleka stima iliyovuja ardhini badala ya kuipitisha mwilini mwako ukigusa bodi ya gari. Unaishia kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa nje ya nyumba. Fundi huiita erthi rodi. Sasa, sehemu kubwa ya Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkano: udongo mwepesi, wenye matundu, unaokauka upesi. Udongo mkavu wa namna hiyo haupitishi stima vizuri. Fimbo fupi iliyopigwa wakati wa mvua za Aprili inaweza kupima vizuri siku hiyo na kuwa bure Februari inayofuata. Mwambie fundi aipime kwa mashine, akuonyeshe namba, na kama haitoshi aongeze fimbo ya pili au ndefu zaidi. Akikuambia ameiangalia kwa macho, bado hajapima.

Pamoja na hiyo, laini ya gari iwe na RCD, kile kifaa kinachokata stima kikihisi uvujaji wa milliampea 30, kabla moyo haujaguswa. Fundi asome kitabu cha chaja kwanza, kwa sababu chaja za gari huhitaji RCD ya aina fulani, na mara nyingi si ile ya bei rahisi zaidi pale hadwea. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mara moja kwa mwezi. Isipokata, acha kuchaji umwite fundi.

Kama ni piki: betri isilale nawe

Rafiki yetu wa boda anayekaa bedsita Kaptembwo au Free Area, tunakuelewa. Betri ni mali, huwezi kuiacha nje. Lakini chumba kimoja chenye mlango mmoja ndicho mahali pabaya zaidi pa kuchajia usiku, maana betri ya lithiamu ikishika moto hutoa moshi wa sumu kwa sekunde chache, na kama iko kati yako na mlango, huna njia. Kama kampuni yako ina vituo vya kubadilisha betri karibu na stendi yako, tungekushauri uvitumie hata kama nyumbani ni nafuu kidogo.

Ukilazimika kuchaji nyumbani, chaji jioni ukiwa macho. Weka betri juu ya sakafu ya simiti, mbali na godoro, mapazia na mtungi wa gesi, na kamwe si kwenye njia ya kutokea. Ukitoka kazini betri ikiwa ya moto, iache ipoe kama nusu saa kwanza. Tumia chaja iliyokuja na piki hiyo tu. Chaja ya mwenzako yenye kichwa kinachoingia inaweza kuwa na volti tofauti kabisa. Betri iliyoanguka, iliyovimba au iliyozama kwenye maji ya mafuriko irudishe kwa waliokuuzia bila kuijaribu.

Ikianza kutoa moshi, usiinyanyue. Zima swichi kuu kama unaifikia bila kuipita betri, toa watu, funga mlango, piga kelele majirani watoke, ita zimamoto. Moto wa lithiamu huweza kuwaka tena baada ya kuonekana umezimika, kwa hiyo usirudi ndani kuchukua vitu.

Mvua kubwa yenye radi ikija kutoka upande wa Menengai, chomoa. Stima ikipotea, chomoa pia, na usubiri dakika chache baada ya kurudi, kwa sababu hurudi kwa kishindo.

Tokeni zitabadilika bei

Bei ya uniti ya nyumbani inategemea unatumia ngapi. Kenya Power hutazama wastani wa miezi 3: hadi uniti 30 kwa mwezi uko kundi la nafuu, hadi 100 uko katikati, ukipita 100 uko juu. Tuseme bedsita yako ilikuwa ikitumia uniti 25. Ongeza betri ya uniti 3 kila siku, siku 26 za kazi: hizo ni 78 zaidi, na tayari umefika 103. Umeruka kundi la katikati lote. Kwa hiyo usipige hesabu ya faida ya piki kwa bei ya tokeni unayolipa leo. Na kama uko kwenye ploti yenye mita ndogo ya landilodi, muulize anauza uniti shilingi ngapi, na akubali kwa maandishi kwamba unachajia pale.

Mwenye gari anayetoka Njoro kufanya kazi mjini na kurudi, kama kilomita 40, atatumia karibu uniti 7 kwa siku, kama saa 3 za kuchaji. Huna haja ya kujaza betri kila usiku. Tangu Aprili 2023 kuna bei maalum ya EPRA kwa kuchaji magari ya stima, iliyowekwa shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 kwa saa za mzigo mdogo, kabla ya kodi na ada. Lakini ilitengwa kwa wanaotumia kati ya uniti 200 na 15,000 kwa mwezi. Gari moja la kwenda kazini, uniti 7 kwa siku 25, ni 175. Bei hiyo inamfaa zaidi mwenye magari kadhaa au kituo.

Nunua tokeni mapema, si saa tano usiku gari likiwa na asilimia 10. Paybill ya Kenya Power ya tokeni ni 888880, akaunti ni namba ya mita, na utapokea tarakimu 20. Ya bili ya kila mwezi ni 888888.

Kumlipa fundi

Fundi wa kazi hii awe na leseni ya EPRA ambayo haijaisha muda. Omba uione, linganisha jina na kitambulisho, kisha utafute jina hilo kwenye orodha ya EPRA mtandaoni. Jina litakalotokea kwenye simu unapolipa lifanane na la leseni au la kampuni yake. Waya na breka zilipie mwenyewe kwa till ya hadwea, ili risiti na dhamana viwe vyako. Pesa ya ufundi igawe: sehemu akianza, na iliyobaki akishapima waya wa ardhi mbele yako na kukupa cheti cha kazi. Usifute ujumbe wa malipo. Ndio ushahidi wako kukiwa na mgogoro.

Atakayekuambia anaweza "kukuongezea laini" kutoka kwenye nguzo ukimtumia kitu kwa namba yake ya simu, usimtumie. Malipo ya Kenya Power hayaendi kwa namba ya mtu, na mita ni mali yao. Ikitoa cheche au waya wa nje ukianguka, kaa mbali na upige 97771.