Naomba Nione Nyuma

Kwetu kiraka ni kitu cha kufichwa. Mama akitia kiraka kwenye kaptura ya mtoto, hutafuta uzi wa rangi ileile ili jirani asikione. Ndiyo maana siku niliyoingia kwenye ukumbi wa kanisa katika mji mdogo wa Pennsylvania, nikakuta viraka vimetundikwa juu, vimewashiwa taa na watu wamelipa kiingilio waje kuvitazama, nilijiona kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni akaanza kuonyeshwa uvungu wa kitanda.

Kinachotundikwa ni mfarishi: tabaka la juu la vipande vilivyoungwa, pamba katikati, kitambaa kizima chini, kisha yote matatu yakapigwa sindano pamoja. Huko Marekani michoro yake ina majina ambayo washonaji wanayajua kama sisi tunavyojua mapishi ya pilau. Kuna Nyumba ya Magogo, ambayo kipande chake cha katikati mara nyingi ni chekundu, wakisema ndio moto wa jikoni. Kuna Bukini Warukao, na Pete Mbili za Arusi, ambayo mistari yake ya duara imewashinda wengi.

Maonyesho huandaliwa na chama cha washonaji wa mahali hapo, wengi wao akina mama waliokwisha kustaafu. Kiingilio ni dola chache. Pembeni kuna meza ya keki, meza ya mabaki ya vitambaa, na mfarishi mmoja wa bahati nasibu. Karibu na mlango vimepangwa viti, na juu yake wameketi waume wakingoja, nyuso zao kama za watu walio kwenye foleni ya benki.

Adabu ya kwanza ni kutogusa. Vidole vina mafuta na jasho, na mfarishi mmoja huenda ukawa kazi ya mwaka mzima. Lakini kila safu ina mama aliyevaa glavu nyeupe, na yeye ndiye mwenye ruhusa. Ukimwambia unaomba kuona nyuma, uso wake unabadilika. Amejua hukuja kupita tu. Anashika pembe kwa vidole viwili, anaifunua taratibu kama mtu anayefunua kawa. Huko nyuma hakuna rangi za kukuzuga. Unaona mishono tu, na kwa kazi ya mkono, wenyewe huihesabu: kumi ndani ya inchi moja ni ya mtu wa kuheshimiwa. Pembeni kuna lebo yenye jina na mwaka, na siku hizi mara nyingi majina ni mawili, la aliyeunga vipande na la aliyepiga mishono kwa mashine kubwa. Jina hilo la pili limeleta maneno mengi vyamani. Wapo wanaoona kulipia mashine ni kununua ushindi. Mimi naona bora liandikwe kuliko lifichwe.

Wala tusidharau kumbi hizi ndogo. Mwaka 1886 Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alipeleka mfarishi wake wa visa vya Biblia kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye hali ilipombana akautoa kwa dola 5, akieleza kisa cha kila kipande huku Smith akiandika. Baadaye alirudi mara kadhaa kuutazama, kama mtu anayemjulia hali mtoto aliyelelewa kwingine. Leo uko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Pale ukumbini nilikaa zaidi kwenye kona ya shindano. Kila mwanachama alipewa kipande cha kitambaa kilekile, nacho lazima kionekane katika kazi yake. Kamati ilikuwa imechagua kwa makusudi kitambaa kibaya: maua ya rangi ya haradali juu ya zambarau. Mmoja alikifanya mabawa ya kuku, mwingine pazia la dirishani. Mfarishi mmoja wa bahari ulinishinda. Nilitafuta lile ua juu, chini, pembeni, nikakata tamaa, nikamwita mama wa glavu.

Akacheka. Akanielekeza kwenye ukingo wa mawimbi: kitambaa kilikuwa kimekatwa vipande vyembamba kama njiti za kiberiti, kikashonwa kwa uzi wa rangi yake hasa, kikageuka mchanga wa ufukweni.

Nilichukua penseli, nikaandika namba yake kwenye karatasi ya kura.