Fedha za Mgonjwa Anayekwenda India

Wagonjwa wengi wa Tanzania, Kenya na nchi jirani huenda kutibiwa Chennai, Hyderabad au Delhi kwa fedha za michango. Kwa kuwa fedha hizo zimetoka kwa ndugu, majirani na waumini wenzao, kuzilinda ni wajibu mzito kama kumtunza mgonjwa mwenyewe.

Hesabu huanza na makadirio ya hospitali. Kwa kawaida makadirio hayo hutaja vipimo, upasuaji na siku za kulazwa. Hayataji chumba cha kupanga cha msindikizaji, chakula, teksi, wala zile siku ambazo mgonjwa ametoka wodini lakini daktari hajamruhusu kupanda ndege. Siku hizo ndizo humaliza akiba, nazo huweza kugeuka wiki. Busara ni kuzitengea fungu lake tangu mwanzo na kukata tiketi inayobadilishika tarehe.

Fungu kubwa, yaani gharama ya matibabu, lipitie benki moja kwa moja hadi akaunti ya hospitali, jina la mgonjwa likiandikwa kwenye maelezo ya malipo. Fedha huweza kuchukua siku kadhaa kufika, na benki za katikati huweza kukata ada zao humo humo, kiasi kilichofika kikapungua. Anayetuma aulize mapema ada hizo zitabebwa na nani. Kubeba fungu hilo mkononi si hatari ya wizi tu: tangu 2017 sheria ya India inakataza mtu kupokea taslimu za rupia 200,000 au zaidi kutoka kwa mlipaji mmoja kwa siku moja.

Taslimu za matumizi madogo ziwe dola, noti safi zisizochanika wala kuandikwa. Anayeingia India na noti za kigeni zenye thamani inayozidi dola 5,000 hutakiwa kuzitangaza forodhani. Hakuna kodi kwa kutangaza, lakini kunyamaza huweza kusababisha fedha kushikiliwa. Jamaa aliyewahi kwenda huko akitoa rupia zilizombakia, zikaguliwe kwanza. Noti za 500 na 1,000 za zamani zilifutwa usiku wa Novemba 8, 2016, na leo ni karatasi tu. Noti ya 500 inayotumika sasa ni ya kijivu, yenye picha ya Ngome Nyekundu ya Delhi mgongoni.

Kwenye uwanja wa ndege kibadilishwe kiasi cha teksi na chakula cha siku ya kwanza tu, kwani viwango vya pale mara nyingi ni vibaya. Kadi ya benki nayo ifunguliwe kwa matumizi ya nje kabla ya safari. Mashine ikiuliza kama malipo yahesabiwe kwa shilingi au kwa rupia, ichaguliwe rupia. Kuchagua shilingi humpa mwenye mashine nafasi ya kupanga kiwango chake, na kiwango hicho kwa kawaida humuumiza mteja. Kadi na taslimu visikae mkoba mmoja, na msindikizaji awe na sehemu yake.

Kila risiti ya kubadilishia fedha itunzwe. Duka la fedha huweza kuidai wakati wa kurudisha rupia zilizobaki kuwa dola, kazi inayofaa kumalizika kabla ya kuondoka, kwa sababu nyumbani si maduka mengi yanayozipokea.