AMRI, ORODHA NA PICHA: ISTILAHI ZA VIOLESURA KATIKA USIMAMIZI WA KOMPYUTA

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza tofauti kati ya njia ya maandishi na njia ya picha katika kusimamia kompyuta za ofisi na mashirika ya biashara. Yanakusudia pia kuonyesha kwa nini tofauti hiyo yampasa mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali anayetayarisha mwongozo, mtaala au hati ya zabuni.

Neno lililokwisha kuzoeleka kwa mahali mtu na mtambo wanapokutana ni kiolesura. Istilahi hii inafaa, ila neno sura lililomo ndani yake laweza kumfanya msomaji adhani kwamba pasipo picha hapana kiolesura. Sivyo hata kidogo. Skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa maandishi unaongojea amri ni kiolesura kamili, na seva nyingi za biashara husimamiwa kwa njia hiyo hadi leo.

Asili ya njia hizi

Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, nchini Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Msimamizi wake huandika amri fupi mno: ls huorodhesha mafaili, cp hunakili, rm hufuta. Mwaka 1968 Douglas Engelbart alikuwa amekwisha kuonyesha kipanya hadharani huko San Francisco. Kampuni ya Xerox ilitengeneza kompyuta ya Alto mwaka 1973, na mwaka 1981 ikaleta sokoni Star, iliyokusudiwa kazi za ofisi na yenye madirisha na ikoni. Macintosh ya Apple ilifuata mwaka 1984. Mwaka 1993 Microsoft ilitoa Windows NT, na tangu hapo usimamizi wa seva kwa madirisha na kipanya ukaenea katika mashirika mengi.

Maandishi si lazima yawe amri

Watu wengi hugawa violesura mafungu mawili tu, maandishi na picha. Mgawanyo huu haukidhi haja, na mfano mzuri ni mtambo wa AS/400 uliotangazwa na IBM mwaka 1988. Skrini yake ilikuwa ya maandishi matupu. Hata hivyo, msimamizi aliweza kupewa orodha ya kazi zenye namba, akachagua namba moja bila kukumbuka amri yoyote. Aliyependa kuandika amri aliiandika. Na aliyesahau sehemu zake alibonyeza kitufe cha F4, akaonyeshwa nafasi za kujaza kama za fomu.

Basi kiini cha tofauti kimo katika tendo la mtumiaji: je, anataja jambo alitakalo, au anachagua miongoni mwa mambo aliyowekewa mbele yake? Anayetaja hana budi kujua jina la jambo. Anayechagua yamtosha kulitambua alionapo.

Faida na hasara

Tuchukue shirika lililoajiri watu 200, ambao kila mmoja anahitaji akaunti. Kwa madirisha, msimamizi huenda akarudia hatua zile zile mara 200. Kwa amri, huandika maelekezo katika faili moja na kuyatekeleza kwa majina yote. Faili hilo laweza kuhifadhiwa, kukaguliwa na mkaguzi, na kutumiwa tena mwakani. Aidha, amri yaweza kusomwa kwa simu herufi kwa herufi, ilhali hatua za picha hazina budi kuelezwa kwa mahali na umbo, navyo hubadilika toleo jipya litokapo.

Kwa upande wa pili, kosa moja ndani ya faili la amri hurudiwa nalo mara 200. Tena amri ya rm, kwa desturi, haimwulizi mtu kama ana hakika. Mtumishi afanyaye kazi fulani mara mbili kwa mwaka hanufaiki kukariri amri zake. Madirisha humwonyesha yanayowezekana.

Njia hizi hazipingani. Mwaka 2006 Microsoft yenyewe ilitoa PowerShell, ambayo ni lugha ya amri kwa wasimamizi. Katika Exchange Server 2007, madirisha ya usimamizi yaliegemea amri hizo, na msimamizi alipomaliza kazi kwa kipanya aliweza kuonyeshwa amri iliyotekelezwa. Hivyo picha ikawa mwalimu wa amri.

Tatizo la kufasiri

Maneno ya madirisha hufasiriwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Je, amri nazo zifasiriwe?

Amri za AS/400 zimejengwa kwa utaratibu: kitenzi hutangulia, jina hufuata. DSPMSG ni onyesha ujumbe. CRTUSRPRF ni unda wasifu wa mtumiaji. Mpangilio huo ni wa Kiswahili pia, kwani nasi husema futa faili. Lakini ufupisho wake umefanywa hasa kwa kudondosha irabu, jambo ambalo Kiswahili hakilivumilii. Panda, penda, pinda, ponda na punda, yakivuliwa irabu, yote huwa pnd. Zaidi ya hayo, faili la amri lililoandikwa Dodoma halina budi kufanya kazi vile vile Nairobi na London. Kwa hiyo amri na ibaki kama ilivyo, na maana yake ielezwe kwa Kiswahili fasaha kando yake.

Mapendekezo

Kiolesura cha amri: kile ambacho mtumiaji huandika amri kwa jina lake.
Kiolesura cha orodha: kile ambacho mtumiaji huchagua katika orodha ya maandishi.
Kiolesura cha picha: kile chenye madirisha, ikoni na vitufe, ambacho hutumiwa zaidi kwa kipanya.
Kiolesura cha maandishi: jina la jumla la viwili vya kwanza.

Vitenzi navyo vitofautishwe: amri huandikwa, orodha huchaguliwa, kitufe hubonyezwa. Mwanafunzi aambiwaye "bonyeza" mahali pa kuandika hupoteza muda akitafuta kitufe kisichokuwapo.

Wala jambo hili si la darasani tu. Idara ikiandika katika zabuni kwamba yataka "kiolesura cha maandishi", mwuzaji aweza kwa haki kuleta mtambo wenye orodha pekee, usiopokea amri kutoka katika faili. Idara itakuwa imepata ilichokiandika, si ilichokihitaji; na kasoro hiyo itakuwa imeanzia kwa mfasiri, kabla ya fundi kuugusa mtambo.